Mama wa Kwenye Cheti

Gari la wafadhili lilifika Baray saa nne asubuhi, na kufikia saa tano Laurencia alikuwa ameshavuliwa umama mbele ya mtoto wake mwenyewe, kwa adabu, kwa tabasamu na kwa kalamu ya bluu.

Lilikuwa Landkruza jeupe lenye maandishi ubavuni: Mfuko wa Mama Msomi. Ndani walikuwamo dereva na bwana mmoja aitwaye Modest, ofisa wa mfuko huo pale Karatu mjini, kijana mtanashati mwenye viatu visivyofaa kwa vumbi la Baray. Mfuko wenyewe unaendeshwa na watu wenye kambi za watalii karibu na lango la Ngorongoro, na kazi yake, kwa mujibu wa vipeperushi vyake, ni kuwasaidia wanafunzi wa chuo walio wazazi wamalize masomo. Laurencia Marseli alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja Arusha, mwaka wa mwisho wa shahada ya ubunifu wa michoro. Alikuwa mzazi. Ada ya mwaka huo hakuwa nayo, na chuo kilishamwambia kwamba bila ada hataruhusiwa kuwasilisha kazi yake ya kuhitimu. Ungemtafuta Karatu nzima mtu ambaye mfuko ule ulianzishwa kwa ajili yake, ungeishia mlangoni kwao.

Uhakiki wa familia, ndivyo walivyouita. Laurencia alipanda basi jana yake ili awepo. Alichemsha chai ya maziwa, akafuta viti, akamvalisha Lightness, binti yake wa miaka minane, gauni la kanisani. Alipotoka jikoni na sinia alimkuta Modest amechuchumaa mbele ya mtoto.

"Mama yako yuko wapi?" Modest aliuliza.

Lightness hakuwa na haja ya kufikiri. Alinyoosha kidole ng'ambo ya mfereji, kwenye majaruba ya vitunguu, alikokuwa ameinama Sabina, mama yake Laurencia, mwanamke wa miaka hamsini na sita.

"Aayo yule kule," alisema. "Anapalilia." Aayo ndivyo Wairaqw wanavyomwita mama.

"Na huyu je?"

"Huyu dada Laurencia. Anasoma Arusha. Anajua kuchora mpaka ng'ombe."

Modest aliandika. Kisha akaomba kuona cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mzee Marseli, baba yake Laurencia, akakitoa kwenye bahasha anamohifadhi hati za shamba. Jina la mama: Sabina Bura. Jina la baba: Marseli Sulle. Modest akaandika tena. Alikunywa chai, akaisifu, akaaga. Laurencia alisimama na sinia mkononi muda wote huo. Angesema nini? Kwamba mtoto amekosea? Mtoto hakukosea. Alijibu jinsi alivyolelewa kujibu.

Hapa lazima turudi nyuma, kwa sababu hasira hii haikuanza na Landkruza.

Mwaka 2016, Laurencia akiwa kidato cha tatu, muuguzi alifika shuleni kwao na boksi la vikopo vya plastiki. Wasichana walipangwa foleni kuelekea chooni, kila mmoja na kikopo chake, huku walimu wakipita kana kwamba wanakagua kucha. Kikopo cha Laurencia kikamsema. Wakati ule hapakuwa na mjadala: mwanafunzi mwenye mimba alifukuzwa, basi. Ruhusa ya kurudi shuleni ilikuja miaka mitano baadaye, na yeye hakuwa na miaka mitano ya kukaa akisubiri. Alikabidhiwa barua mbele ya mstari wa asubuhi, shule nzima ikitazama. Mwenzake wa mimba ile, dereva wa lori la vitunguu, aliondoka na msimu. Huyo hakuna aliyempanga foleni wala kumpa kikopo.

Sabina hakulia. Sabina ni mwanamke anayekasirika badala ya kulia, na binti yake amerithi hilo. Alifanya kile ambacho mama zetu wa huku juu wamekuwa wakikifanya miaka mingi binti anapopata mtoto kabla ya ndoa. Alimpeleka Laurencia Mbulu kwa shangazi yake Cresensia, na miezi ilipotimia akaenda na yeye, akaaga majirani kwamba mgongo unamsumbua na anakwenda kupumzika. Alirudi Baray na mtoto mgongoni. Majirani wakaja mmoja mmoja na uji, maziwa na samli, wakamwambia "hongera mama, umejifungua salama," na hakuna hata mmoja aliyecheka. Sabina akajibu "asante, Mungu ni mwema," naye hakucheka. Wote walijua. Ndiyo heshima yenyewe: unajua, na unaleta samli. Katika Baray nzima hakuna aliyedanganywa isipokuwa karatasi.

Na karatasi ndizo zilizotakiwa kudanganywa. Cheti kilipoandikwa jina la Sabina, na ubatizo ukafuata cheti, Laurencia akawa tena msichana asiye na mtoto. Alipelekwa shule nyingine, mbali, ambako mkuu wa shule aliuliza swali moja tu, "huyu hana matatizo?", na Marseli, ambaye ni katekista na hajawahi kusema uongo mwingine ninaoujua mimi, akajibu kwamba hana. Akasoma. Akafaulu. Kidato cha sita, kisha chuo. Kila likizo alirudi nyumbani, akalala kitanda kimoja na mwanawe, akamsuka, akamfundisha kusoma, akaitwa dada. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo alikwenda nyuma ya zizi akakaa huko mpaka macho yalipokauka. Baadaye alizoea, au alijiambia amezoea.

Jibu la mfuko lilimkuta Arusha siku nne baada ya uhakiki, akiwa karakana ya chuo anamalizia lebo. Kazi yake ya kuhitimu ilikuwa lebo za dawa za mashambani. Wakulima wa vitunguu wa kwao hupulizia dawa zenye maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa herufi za kuchosha macho, wengi hupima kwa kifuniko na kwa kukisia, na jirani yao mmoja alishapoteza uwezo wa kuona jicho la kushoto. Laurencia alikuwa amechora lebo ambayo mtu asiyejua kusoma anaielewa akiwa amesimama shambani: ndoo ngapi, kifuniko kipi, upepo ukitokea wapi usimame wapi. Aliijaribu kwa vibarua kutoka Singida na Dodoma ambao hawajawahi kumaliza darasa la tatu, na walipopima sawasawa mara ya kwanza, bila kuelezwa, alijua kwamba amepata. Simu ikalia.

"Ndugu mwombaji, baada ya uhakiki imebainika kuwa wewe si mzazi. Maombi yako hayakidhi vigezo. Tunakutakia mafanikio."

Alisoma mara tatu. Alipokuwa na miaka kumi na saba walimfukuza kwa sababu ni mama. Sasa ana miaka ishirini na mitano wanamkataa kwa sababu si mama. Hebu waamue! Aliacha rangi haijakauka, akaenda stendi akapanda basi la Karatu na nguo za karakana mwilini.

Modest alimpokea vizuri. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, jinsi alivyokuwa mwema.

"Karibu dada, kaa. Nilijua utakuja."

"Mimi ndiye niliyemzaa Lightness."

"Mimi binafsi nakuamini, dada yangu. Nilimwona mtoto, ni wewe mtupu. Lakini sina mahali pa kuandika kwamba nakuamini. Cheti kinasema vingine, mtoto mwenyewe anasema vingine."

"Mtoto anasema alichofundishwa, ili nisome. Ningesema ukweli wakati ule nisingekuwa chuo, na leo nisingekuwa hapa kuomba ufadhili wenu wa wanaosoma chuo. Kwa hiyo mlikuwa mnamtafuta nani? Mwanamke aliyezaa akiwa shule, akasema ukweli, na bado akafika chuo? Nitajie hata mmoja kutoka Karatu hii."

Modest alichezea kalamu. Alikuwa na haya, na haya yake haikumsaidia Laurencia kitu. Alisema kuna kipimo cha vinasaba, lakini kinafanyika mbali na majibu yanachukua muda, na orodha inafungwa Ijumaa. Ile ilikuwa Jumanne.

"Au kiapo," alisema. "Huyo aliyeandikwa kwenye cheti aape mbele ya wakili kwamba mtoto si wake. Ukiniletea hicho kabla ya Ijumaa saa kumi, nakurudisha kwenye orodha."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayekuomba nakala ya kitambulisho.

Baray alifika jua likiwa linashuka, akawakuta wazazi wake wanafunga vitunguu. Alieleza bila kuficha kitu. Mzee Marseli alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kamba chini.

"Cheti kile kina jina langu pia," alisema. "Nisimame Jumapili niwasomee watu neno, na wao wanajua niliapa uongo?"

"Watu gani?" Sabina aliuliza. "Hao walioniletea uji?"

"Kujua ni jambo moja. Kuandikwa ni jambo jingine."

"Uliandika mwenyewe, Marseli. Mkono wako haukutetemeka."

"Ulikuwa unatetemeka. Hukuniangalia tu."

Laurencia hakuwahi kufikiria kwamba baba yake alilipia pia. Aliona aibu, kisha hasira ikarudi na kuila ile aibu, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya wote watatu aliyepaswa kuwa pale, juu ya magunia, wakigombana nani alidanganya zaidi. Hawa ni watu waliotafuta njia ya kumsomesha mtoto wao. Waliokuwa wamefunga njia wako kwao wanakula chakula cha jioni.

"Basi tuache," alisema. "Nitaahirisha mwaka."

"Ukiahirisha mwaka huu," Sabina alisema, "mwakani utaahirisha tena, na mwaka wa tatu utakuwa hapa unafunga vitunguu na mimi. Nimekwisha kusema. Kesho tunakwenda."

Asubuhi Sabina ndiye aliyemwambia mtoto. Alimwita kwenye mfereji, wakanawa miguu, na Laurencia aliwaona kutoka mlangoni bila kusikia. Mazungumzo hayakuwa marefu. Lightness alikuja moja kwa moja akasimama mbele yake, akamkagua kuanzia kichwani.

"Aayo anasema wewe ndiye ulinizaa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nahamia Arusha?"

"Hapana. Kwa sasa unabaki hapa hapa."

"Na aayo anaendelea kuwa aayo?"

"Anaendelea."

"Basi sawa," mtoto alisema, akaenda kuchukua begi la shule. Lakini alipofika kwenye njia aligeuka mara mbili kumwangalia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na Laurencia akajua kwamba haikuwa sawa kirahisi hivyo.

Wakili waliyempata Karatu aliitwa Naisenya, mwanamke wa Kimasai mwenye karani mmoja na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Aliwasikiliza, akavua miwani.

"Mama, unajua unachokwenda kukiri? Kumpa msajili taarifa za uongo ni kosa. Sidhani kama kuna mtu atakufuatilia kwa jambo la zamani hivi, lakini ni wajibu wangu kukuonya. Itakuwa imeandikwa, na sahihi yako chini."

"Wakati wanamfukuza mwanangu lilikuwa kosa la nani?" Sabina aliuliza. Sauti yake ilipanda, na karani akaacha kuchapa. "Nilikuwa na mtoto wa kike mwenye akili. Wakaniambia akae nyumbani kwa sababu ana tumbo. Aliyempa tumbo anaendesha lori mpaka leo, namwona kwenye mnada anakula nyama! Nikadanganya. Ndiyo, nilidanganya, na ningekuwa na mabinti kumi ningedanganya mara kumi. Andika hivyo hivyo. Kama kuna polisi wa kunikamata kwa kumsomesha mtoto, aje Baray, njia anaijua, huwa anakuja kununua vitunguu."

Naisenya alivaa miwani, akamwashiria karani. Karani alikuwa na kiapo cha aina hiyo kwenye kompyuta, kimeshachapwa, cha kujaza majina tu. Alikitoa, akakisoma kwa sauti, kama inavyotakiwa: "Mimi, Sabina Bura, naapa na kusema kwamba mtoto aitwaye Lightness Marseli si mtoto wangu..."

"Hapana," Sabina alisema.

"Mama, ndivyo kinavyoandikwa."

"Siapi hilo. Ule uongo wa kwanza niliuweka kwenye karatasi kwa ajili ya mtoto. Huu nauweka kwa ajili ya nani? Huyu nimemlea tangu ana siku sita. Surua aliugulia mgongoni mwangu. Akiota ndoto mbaya ananiita mimi." Alimgeukia Laurencia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikopo sauti yake ilikatika. "Nisamehe, mwanangu. Shahada yako naitaka kuliko wewe unavyoitaka. Lakini siwezi kuapa kwamba si wangu."

Hapo Laurencia alisimama. Kwa miaka mitatu alikuwa akifundishwa kwamba karatasi ikimshinda mtu, lawama ni ya aliyeichora karatasi. Alikuwa ameliandika hilo kwenye mitihani na kupewa alama. Alizunguka meza, akamwomba karani kiti, na karani, aliyekuwa bado anamwogopa Sabina, akampisha.

"Wakili, kiapo lazima kiwe na maneno haya?"

"Kiapo ni maneno ya anayeapa," Naisenya alisema polepole. "Kinachotakiwa ni yawe ya kweli."

Laurencia alifuta yote. Akachapa akimuuliza mama yake sentensi moja moja, na Sabina akajibu akiwa amesimama, mikono kwenye kanga. Sikumzaa Lightness. Aliyemzaa ni binti yangu Laurencia, kwa shangazi yake, Mbulu. Nilijiandikisha mimi ili binti yangu asizuiwe kusoma. Nimemlea Lightness kama mama yake na ninaendelea kumlea. Hayo yote ni kweli. Sabina alitia sahihi kwa herufi kubwa, moja moja, akiegemeza mkono wote mezani. Naisenya aligonga muhuri wake, na alipoulizwa malipo alisema watamletea vitunguu wakivuna.

Ijumaa saa tisa walikuwa Karatu mjini. Sabina alikataa kuingia. Alisema viti vya ofisi ile vinazunguka na yeye hapendi kiti kinachozunguka, akabaki nje kwenye kivuli cha ukuta. Modest alisoma kiapo mara mbili.

"Hiki si cha kawaida," alisema.

"Ni cha kweli."

"Sawa. Kinatosha." Alivuta pumzi, akamsogezea fomu mpya. "Ijaze, niiweke kwenye orodha. Pale kwenye jina la mama wa mtoto andika jina lako."

Laurencia aliitazama fomu. Jina la mama wa mtoto, na mbele yake mstari mmoja. Alifikiria miaka minane ya kuitwa dada. Alikuwa na haki ya mstari ule, alikuwa ameulilia nyuma ya zizi, na sasa kijana mtanashati alikuwa anamsukumia mezani pamoja na kalamu. Akashika kalamu. Akaandika: Sabina Bura, aliyemlea. Kisha akafungua begi, akatoa rula ya chuma, akaiweka chini ya mstari ule na kuchora mwingine, ulionyooka, wenye unene ule ule. Juu yake akaandika: Laurencia Marseli, aliyemzaa.

"Dada, fomu haina nafasi hiyo," Modest alisema.

"Sasa inayo."

"Makao makuu watauliza."

"Waulize. Kiapo unacho, majibu yote yamo. Au unataka nikuitie mama yangu aje akueleze?"

Modest alitupia jicho dirishani. Sabina alikuwa amesimama pale nje, mikono kiunoni, akilitazama lile Landkruza jeupe kana kwamba limeegeshwa kwenye jaruba lake. Kijana akagonga muhuri. Akasema hongera, na Laurencia hakumshukuru. Hakuona cha kumshukuru. Alichukua nakala yake akatoka.

"Wamekubali?" Sabina aliuliza.

"Wamekubali. Nitamaliza."

Sabina aliitikia kwa kichwa, akafunga kanga upya, taratibu, kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu Baray.

"Na mimi wamenifuta?"

Laurencia alimfungulia ile karatasi. Sabina aliishika mbali na macho, akatafuta jina lake kwa kidole, na alipolipata kwenye mstari wa kwanza aliketi chini, pale pale ukutani, akalia.